Wakuu, bunduki ya gemu ya bata haiui kwenye TV ya flati. Na nyie enzi hizo mlikuwa na nini?

Mtoto wa Moro:

Wakuu habari za muda huu. Juzi nilikuwa Moro kwa bi mkubwa akanipa kazi ya kutoa makorokoro stoo maana panya walishajimilikisha, sasa huko chini ya magunia nikakutana na boksi la TV gemu yetu ya mwaka 97 au 98 hivi, ile nyeupe yenye nyekundu, padi mbili, kaseti ya njano ya gemu 9999 na BUNDUKI. Aisee nilikaa chini palepale na vumbi langu. Bi mkubwa hakuitupa kwa sababu yeye hatupi kitu, hata risiti za michango ya darasa la nne anazo.

Nikaja nayo Dar, nikaichomeka kwenye flati ya sebuleni, nikahangaika kutafuta chaneli mpaka ikashika. Mario anatembea vizuri tu, vifaru vinapigana, muziki ni uleule. Kasheshe ni bata. Wanaruka, bunduki inalia "ka", lakini hafi hata mmoja, nimesogea mpaka mtutu unagusa kioo, wapi, yule mbwa anatoka kwenye majani ananicheka. Dogo wangu wa miaka 8 naye anacheka afu anauliza kwani kioo sio cha tachi.

Sasa mafundi nisaidieni, bunduki imekufa au tatizo ni nini? Na wengine wote tupieni vitu vyenu vya utotoni, nina hamu ya kusoma leo, mgao wa umeme umeshaanza huku kwetu na simu ina chaji ya kutosha.


FundiRedio Mwanza:

Mkuu bunduki yako inawezekana ni nzima kabisa. Tatizo ni TV.

Wengi tulidhani ile bunduki inatoa mionzi kwenda kwenye kioo, kumbe haitoi kitu chochote, ndani ya mtutu kuna kijicho kinachopokea mwanga basi. Ukivuta kifyatulio gemu inageuza kioo kizima kuwa cheusi kwa muda mfupi mno, afu inachora kiboksi cheupe pale alipo bata. Kijicho kikiona giza kisha mwanga, umepiga. Kikiona giza tu umekosa, na mbwa anatoka. Wakiwa bata wawili viboksi vinakuja kwa zamu, cha huyu kwanza afu cha yule, ndio mashine inajua umempiga nani. Ukikumbuka vizuri kila ulipofyatua kioo kilikuwa kinamweka, sasa ndio hicho kiboksi.

TV ya chogo, ile nene ya zamani, ilikuwa inachora picha papohapo signo inapoingia, mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mara 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo gemu inajua kabisa mwanga unatakiwa kufika wakati gani. Flati inapokea picha, inaigeuza dijitali, inaivuta itoshe kioo chake, ndio inakuonyesha. Wewe kwa macho huoni kuchelewa ila gemu imeshafunga mahesabu yake na kukuandikia umekosa. Afu kuna kitu kingine, bunduki original za Nintendo zilikuwa na kichujio ndani kinachotafuta ule mpepeso wa mwanga wa chogo, kama mara elfu 15 kwa sekunde, ndio maana hata ukilenga balbu ya ukutani haikubali. Flati haina mpepeso huo. Kwa hiyo usifungue bunduki, tafuta chogo, wapo watu wanazitupa jalalani kila siku.

Kuhusu mashine yenyewe, yenye jina lake ni Famicom ya Nintendo, ilitoka Japan Julai 1983, Marekani ikafika 1985 ikiwa na sura nyingine ya kijivu. Zilizojaa huku kwetu karibu zote ni kopi. Ukifungua original unakuta chipu kadhaa zimepangwa, ukifungua hizi zetu unakuta ubao mdogo na tone jeusi la gundi katikati, ubongo wote uko chini ya lile tone, likiungua hakuna fundi duniani. Na hiyo kaseti ya gemu 9999 usijisumbue kushuka orodha mpaka mwisho, utakuta gemu hazifiki hata mia, zingine ni zilezile zimebadilishwa jina au zinaanzia hatua ya mbele. Mimi dukani kwangu nilishuka nayo siku moja umeme ukiwepo na wateja hawapo, ni Mario mpaka Mario.

La mwisho, ACHENI KUPULIZA KASETI. Najua wote mlipuliza. Kilichokuwa kinasaidia sio pumzi, ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yake yanajikuna na kushika upya. Pumzi ina unyevu, inaongeza kutu tu. Chukua pamba ya masikio, chovya kwenye spiriti, pangusa meno ya kaseti, acha ikauke.


Binti Chumbageni:

Hahaha fundi umetuvunjia imani yetu ya miaka yote, mi nilikuwa napuliza afu naifuta na upande wa ndani wa sketi, bila hivyo haiwaki na hakuna wa kuniambia kitu.

Ila ngoja niseme ukweli, sisi wasichana hizo gemu tulikuwa tunaziona kwa kuchungulia. Kaka zetu wanashika padi kuanzia mchana mpaka magharibi, ukiomba unaambiwa "subiri nife", na hafi. Kwa hiyo maisha yetu yalikuwa nje. Rede kwanza, wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa ya soda, ile shingo ya chupa ilivyo nyembamba sasa mchanga unamwagika pembeni na mpira wa soksi unakuja mgongoni. Mpira wenyewe tulikuwa tunaujaza matambara, kuna mwenzetu mmoja alikuwa anaweka jiwe dogo katikati ili ufike kwa kasi, sijui leo yuko wapi yule, nadhani yuko jeshini.

Afu mdako. Unachimba kishimo, kokoto ndani, moja unairusha juu na kabla haijarudi umeshazoa zingine. Vidole vyetu vilikuwa na sugu, mkono wa kulia una vumbi jekundu mpaka kwenye kiwiko, ukifika nyumbani hata useme ulikuwa tuisheni mama anaangalia mkono tu.

Na wanasesere wa mabunzi je? Bunzi la mahindi linavishwa kipande cha kanga, nywele ni zile nyuzi za hindi bichi, unamsuka kabisa twende kilioni. Dukani walikuwepo wale wa plastiki wenye macho ya buluu wanaofumba ukiwalaza, kwetu alikuwepo mmoja, aliwekwa juu ya kabati la vyombo vya wageni ndani ya nailoni yake na hakuna mtoto aliyewahi kumgusa. Yupo mpaka leo!!!


Mzee Leyland:

Nyie wa miaka ya tisini mnazungumzia TV kama vile zilikuwa zinaota mitini. Huku bara vituo vya televisheni tumeanza kuviona 1994 ITV na wenzake walipofungua. Mimi nimemaliza la saba katikati ya miaka ya themanini, nchi imetoka vitani Kagera, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, toi la dukani ungelipata wapi. Toi unatengeneza.

Na msinielewe vibaya, sisemi kwa kulalamika. Gari la waya lilikuwa ni kazi ya kiufundi haswa. Unaanza na kutafuta waya, na hapo ndipo ugomvi na wazazi unapoanzia, kwa sababu waya mzuri ni ule wa kuanikia nguo, wa senyenge ni mgumu na unachana mikono. Spoku za baiskeli zinafaa kwa ekseli. Waya mwembamba wa shaba unaotoka kwenye mota mbovu ndio wa kufungia viungio. Unakunja chesisi kwanza, ikikaa upande unabomoa, hakuna kusonga mbele na chesisi iliyopinda maana gari litavuta kushoto maisha yake yote. Afu bodi. Watoto wa mjini walipenda kutengeneza pikapu, sisi ilikuwa lori, Scania, zile zilizokuwa zinaunganishwa Kibaha zikipita barabarani tunasimama kabisa kusoma namna grili yake ilivyokaa, ukirudi unaikunja kutoka kichwani.

Magurudumu ni ndala. Ndala zilizokatika, tuseme hivyo, ingawa baadhi zilikatika zikiwa na wiki moja mguuni kwa baba. Unakata duara kwa wembe, unachoma tundu katikati kwa msumari wa moto, unaweka kizibo cha soda kila upande kuwa ringi. Springi ni vipande vya tyubu ya baiskeli. Usukani sasa, waya mrefu unaopanda mpaka kifuani kwako, ukizungusha huku juu magurudumu ya mbele yanakata kona kule chini, na wewe unakimbia nyuma unalia injini kwa mdomo na kupiga honi ya upepo kwenye mteremko. Nani atanionyesha mtoto wa leo anayejua kwa nini gurudumu la ndani linapinda zaidi ya la nje kwenye kona. Sisi tulijua kwa sababu tusipofanya hivyo tairi zinaburuza.

Kuna jamaa yetu mmoja mtaani alitengeneza Ikarus la UDA, shirika la mabasi la Dar, yale mabasi marefu yenye maungio katikati, lile turubai la mikunjo la kwenye maungio akatumia soksi ya shuleni. Akaweka na balbu za tochi mbele na betri mbili za National chini ya siti. Usiku lilivyopita uchochoroni watu wazima walitoka nje kuangalia. Huyo jamaa baadaye alikuwa fundi umeme wa magari, gereji yake ilikuwa haikauki watu.


Binti Chumbageni:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye ndala za baba nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananiangalia.


Mzee Leyland:

Marahaba mwanangu. Alivaa mguu mmoja ndala na mwingine kiatu siku mbili akimtafuta mbwa aliyechukua.


Ami wa Kikwajuni:

Mzee Leyland usitutie sote kapu moja bwana wee. Huko bara 1994, sie Unguja TVZ ipo hewani tangu 1974 na ya rangi kabisa, watu walikuwa wanavuka bahari kuja kuangalia. Nyie mnakunja waya sie tunaangalia katuni hahahaa.

Vitu vyetu vikubwa vilikuwa vya Skukuu. Ukimaliza kupewa mkono wa Idi na majirani wote unakwenda Mnazi Mmoja na mfuko mzito, pale ndo duka la dunia, miwani ya plastiki nyekundu, saa ya plastiki isiyokwenda, bastola za fataki, mapulizo, firimbi. Jioni unarudi huna senti na saa imeshakatika mkanda. Siku ya pili unakwenda tena kuangalia wenzako wakinunua. Siku za kawaida ni tiara, unatafuta njiti za mnazi zilizonyooka, karatasi na uji wa ngano kuwa gundi, mkia wa kanga kuukuu, upepo wa kusi ukishika hata chuoni kwa Kurani hatwendi.

Halafu tulio na jamaa Maskati na Dubai tulikuwa tunasubiri mizigo. Miye nilikuwa na Casio yenye kikokotoo, vitufe vidogo hata kidole cha mtoto hakienei, unabonyeza kwa ncha ya penseli. Mwalimu wa hesabu aliiona akaivaa yeye mpaka muhula ukamalizika. Baadae binamu yangu akaniletea kile kiyai cha Kijapani, Tamagotchi, cha Bandai, kilitoka Japan mwisho wa 1996, mnyama yumo ndani ya kioo kidogo anataka kula, anataka kusafishwa kinyesi, ukimsahau anakufa. Sasa chuoni hakiingii, ikabidi nimwachie bibi. Bibi kusikia kitu kinalia piii piii ndani ya mkoba akajua hichi si chema, akakifunga ndani ya kitambaa akakisomea akakitia ndani ya sanduku la chuma. Narudi naambiwa "kimetulia sasa mjukuu wangu". Kimetulia kweli.


Jirani wa Jericho:

Salamu kutoka Nairobi wadau, nimesoma hii mada yote nikiwa kazini na bosi ameshaniangalia mara kadhaa.

Sisi huku gari ilikuwa ya mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo. Unatoboa kando, unapitisha waya, unajaza mchanga ndani ili iwe nzito, unavuta na kamba. Wale wa hali ya juu walikuwa na ya waya kama ya Mzee Leyland. Tulicheza bano, yaani gololi, mpaka mifuko ya kaptura inatoboka, na kulikuwa na sheria kali kuliko za serikali, ile ya chuma inayotoka kwa beringi ya gari hairuhusiwi kabisa kwa sababu inapasua za glasi za wenzako, mtu akija na hiyo anaenda kucheza na kina dada blada. Jioni brikicho, mtu anahesabu akiangalia ukuta, afu taa za mtaa zikiwaka kila mama anaanza kuita kutoka dirishani kwa majina yote mawili.

Lakini kitu ambacho mtu wa rika langu hawezi sahau ni maziwa ya Nyayo. Serikali ya Moi ilianza kugawa maziwa shule za msingi 1979, kile kipaketi cha pembe tatu. Siku ya maziwa hakuna mtu anakosa shule hata akiwa mgonjwa. Ukimaliza kunywa unapuliza paketi ijae hewa, unaiweka chini unairukia na miguu miwili, PAA! Sasa fikiria shule yenye watoto mia kadhaa wote wanafanya hivyo wakati mmoja. Mwalimu wa zamu alikuwa anatokea na kiboko hajui aanze na nani.

Gemu zetu za kwanza zilikuwa kwa kibanda, TV ndogo nyeusi na nyeupe aina ya Great Wall inayotumia betri ya gari, unalipa unacheza, mshindi anabaki, na mwenye kibanda anasimama nyuma yako kuhesabu maisha yaliyobaki kama karani wa benki. Mtoto wa Moro, hiyo kaseti yako iko na Contra? Kama iko nakuja.


Kaseti Tisini:

Mimi sina habari na gemu, nyumbani kulikuwa na redio kaseti ya mzee, na hiyo ndio ilikuwa toi yangu ingawa yeye hakujua.

Kuna elimu nzima pale. Kwanza kaseti ikilegea unairudisha kwa peni ya Bic, zile pande sita zinakaa sawasawa kwenye meno ya gurudumu, unaizungusha hewani hivi, na hapo unaokoa betri. Ya pili, kaseti original ya dukani huwezi kurekodi juu yake kwa sababu vile vijitundu viwili vya mgongoni vimetobolewa, redio ina kijiti kinachopapasa pale na kikikuta shimo kitufe chekundu hakizami. Dawa yake karatasi iliyotafunwa au solotepu. Ukiziba tu kitufe kinazama. Hivyo ndivyo mahubiri ya kwaya ya mama yalivyogeuka kuwa salamu za redioni na bongofleva za mwanzo mwanzo, na katikati ya wimbo bado unasikia "amina" moja iliyobaki.

Betri nazo. Zikiisha zinaanikwa juani juu ya bati, zikipata joto zinasukuma kidogo taarifa ya habari inaisha. Kuna waliotoboa tundu kwa msumari wakatia maji ya chumvi, inaongea kidogo afu inatapika uji ndani ya redio, mtajuana na mwenye redio. Zikifa moja kwa moja hazitupwi, unapasua unatoa ile fimbo nyeusi ya katikati ni chaki tosha ya kuchorea magoli ukutani, na ule unga mweusi shuleni tuliambiwa kila mtu aje nao, unasagwa na mkaa na majani mabichi, ndio rangi ya kupaka ubao. Tunarudi nyumbani weusi mpaka kwenye meno. Leo ukimwambia mzazi mtoto wake ashike uchafu wa betri kwa mikono mitupu ataita waandishi wa habari, na atakuwa na haki kabisa.


mdogowenu2001:

Wakubwa naona mnajimwambafai tu. Sisi tulikuwa na Nokia ya mama, nyoka anakula vidoti mpaka anajigonga mkia, na hakuna kupuliza kaseti wala kusaga betri. Afu hivi vitu vilikuwa vizuri kweli au mlikuwa hamna kingine? Maana mnasimulia viboko kama vile ni zawadi.


Kaseti Tisini:

Dogo nyoka wako amezaliwa 1997 kwenye Nokia 6110, aliyemtengeneza ni Mfini mmoja Taneli Armanto, kwa hiyo hata huyo ni mwenzetu, wewe umemkuta mtu mzima. Ila swali lako ni la haki. Hatukuwa na kingine. Na vingine vilikuwa vibaya kabisa, mimi mpaka leo nikisikia kengele ya mstarini tumbo linasokota. Kwenye viboko sibishani na wewe.


Binti Chumbageni:

Na shuleni kulikuwa na mafasheni yanakuja na kuondoka hata hujui nani ameyaanzisha. Mwezi huu kila mtu ana peni ya rangi nne, anabonyeza ka ka ka darasa zima mpaka mwalimu anazikusanya kwenye ndoo. Mwezi ujao ni picha za kwenye jojo, unalowanisha kwa mate unabandika mkononi, mtu anaingia darasani ana simba kwenye shavu. Afu ikaja ile ya kutoa mrija wa peni na kupulizia wenzako mchele, ubao wote una punje. La saba ndio madaftari ya autografu, chakula ukipendacho, rangi uipendayo, "nani unampenda darasani" na kila mtu anaandika "mama yangu" kwa sababu anajua daftari litazunguka. Langu ninalo. Kuna kijana aliandika chakula akipendacho ni chipsi kuku, na kwao nilikuwa napajua, tulikuwa tunakula dona na dagaa wote.


Mtoto wa Moro:

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jirani yangu fundi cherehani ana chogo ya inchi 14 anaweka juu yake mikasi, nimemwomba, tumechomeka, BATA WANAKUFA. Fundi Redio Mungu akuzidishie. Dogo alikaa kimya kidogo afu akaninyang'anya bunduki na hajairudisha, jirani mwenyewe kaacha gauni la mteja anasubiri zamu.

Ila sasa picha inakuja nyeusi na nyeupe, hakuna rangi kabisa, wakati hiyo TV chaneli zake zilikuwa za rangi. Na adapta yangu inapata joto la kuchemshia chai. Ni kawaida?


FundiRedio Mwanza:

Rangi sio ugonjwa. Huku kwetu TV zilifuata mfumo wa PAL, na kopi nyingi za hiyo mashine zinatoa NTSC wa Japan na Marekani. Chogo ya zamani isiyojua NTSC inachukua picha inaacha rangi. Tafuta kwenye menyu kama kuna sehemu ya mfumo wa rangi, weka otomatiki au NTSC, kama haina basi utavumilia hivyohivyo au utafute chogo ya miaka ya mwisho mwisho, zile nyingi zinakubali yote. Na kama mashine ingekuwa ya PAL kweli ungeona Mario anakimbia taratibu, picha 50 badala ya 60.

Adapta ndio isiyo ya kawaida, ichomoe SASA HIVI. Geuza usome nyuma imeandikwa volti ngapi, na uangalie kile kichoro cha duara kama katikati ni hasi au chanya, afu linganisha na kilichoandikwa chini ya mashine yenyewe. Famicom original ilikuwa inataka katikati hasi, kopi kila moja na mambo yake, na adapta zetu za zamani zile za sumaku nzito zinatoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa. Ukiunguza lile tone jeusi usinitafute. Nunua mpya inayolingana na maandishi ya mashine kwa fundi anayejulikana, mwambie apime kabla hujaondoka.


Mtoto wa Moro:

Imechomolewa. Dogo analia, fundi cherehani ananuna. Kesho naingia Kariakoo.

Na Jirani wa Jericho, Contra ipo, namba 3 kwenye orodha. Tunafia kwenye yale maporomoko ya maji.


Jirani wa Jericho:

Maporomoko ni mwanzo tu, mkifika kwa barafu ndio mtajua. Kabla hujaanza, ikiwa kwa ile picha ya mwanzo bonyeza haraka: juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, afu stati. Utapewa maisha 30 badala ya 3. Hiyo ilianzia kwa gemu ingine ya Konami ya 1986, Gradius ya Famicom, jamaa aliyekuwa anaitengeneza, Kazuhisa Hashimoto, aliiona ngumu hata yeye wakati wa kuijaribu akajiwekea mlango wa nyuma, afu ukasahaulika humo ndani. Lakini kwa hizi kaseti za kopi saa zingine wameshakuwekea 30 bila kuomba, kwa hivyo hesabu kwanza.

Mkicheza wawili bonyeza seleki kabla ya stati. Na usimwache dogo akimbilie mbele kwa maporomoko, kioo kikipanda juu na wewe uko chini, unakufa bila kupigwa risasi.